Kubebeana Hasara: Pemba kutoka Kimbunga cha 1872 hadi Akili Mnemba

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash bin Said zilizokuwa zimetia nanga mbele ya mji zilizama au zilitupwa ufukweni, na mashambani mikarafuu na minazi iling'olewa kwa maelfu. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuchumwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mwenye shamba wa Unguja alipoteza mavuno ya mwaka ule pamoja na ya miaka yote ambayo mche mpya ungekuwa bado unakua. Pemba, iliyo kama kilomita 50 kaskazini, ilisalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na waliokuwa na miti iliyosimama wakavuna faida. Tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Kwa mtu anayetaka kuelewa bima, tukio hili lina somo zima ndani yake. Visiwa viwili vilikuwa chini ya mtawala mmoja, vikiuza zao moja kupitia bandari moja, lakini dhoruba moja haikuvipiga vyote viwili. Kama kungekuwapo mfuko uliochangiwa na pande zote kabla ya siku ile, neema ya Pemba ingeweza kuinua Unguja. Mfuko haukuwapo. Wenye mashamba wa Unguja waliweka rehani mali zao kwa wakopeshaji. Na mzigo mzito kuliko wote uliwaangukia wasiokuwa na chochote cha kuweka rehani: watumwa waliopanda upya mashamba ya Unguja na kupanua yale ya Pemba. Mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ulitiwa saini mwaka uliofuata, Juni 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani kwa miaka mingi.

Tangu siku ya kimbunga watu wa visiwa hivi wamejaribu njia nyingi za kubebeana hasara. Leo njia hizo zimefika kwenye mifuko ya umma, na mifuko ya umma inaanza kukutana na akili mnemba, yaani programu zinazojifunza kutoka kwenye kumbukumbu nyingi na kukisia litakalotokea. Nataka kuifuata historia hiyo nikiwa nimesimama Tumbe, kaskazini mashariki mwa Pemba, kwa sababu mtu akiitazama kutoka hapo huona mapema nani ataachwa nje.

Tumbe ni mji wa zamani sana. Uchimbaji wa wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette umeonyesha kwamba watu wengi waliishi hapa kati ya karne ya 7 na ya 10, wakivua, wakilima na kufanya biashara ng'ambo ya bahari. Baadaye makao yale yaliachwa, na mji wa mawe wa Chwaka ukashika nafasi yake hapo jirani. Ardhi ya upande huu ina mawe ya matumbawe, na mikarafuu haistawi kama ilivyo upande wa magharibi wa kisiwa. Riziki ya Tumbe imetoka baharini, na soko lake la samaki linajulikana Pemba nzima. Tumbe iko Wilaya ya Micheweni, ambayo tafiti za bajeti za kaya zimeiweka miongoni mwa wilaya zenye umaskini mkubwa kabisa Zanzibar.

Wavuvi walikuwa na mfumo wao wa kugawana hatari zamani kabla ya shirika lolote la bima. Chombo kikirudi, samaki hunadiwa, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo, mwenye nyavu na mabaharia. Hakuna mshahara uliopangwa. Siku ya mavuno makubwa kila mmoja hupata zaidi, na siku ya nyavu tupu hasara huwaenea wote, kuanzia tajiri wa chombo hadi kijana aliyepanda kwa mara ya kwanza. Nchi kavu kulikuwa na kuzikana: mtu akifariki, majirani huleta sanda, mchele, nguvu za mikono na fedha. Wanawake walicheza upatu. Mipango hii yote ilitegemea jambo moja, nalo ni kujuana. Aliyedai msiba alikuwa na msiba ambao kila mtu aliuona.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 desturi hiyo ilipata umbo jipya. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo shirika la CARE lilivianzisha nchini Niger mwaka 1991, vilifika Unguja katika vijiji vya karibu na msitu wa Jozani, kisha vikaenea Pemba. Wanachama hununua hisa kila wiki, na pembeni huchangia mfuko wa jamii wa kusaidia maradhi, misiba na ajali. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo huwa na mtu wake. Kabla ya kufunga mkutano, salio hutajwa kwa sauti mbele ya wote, ili hata asiyejua kusoma aondoke akilijua. Naomba msomaji aikumbuke kanuni hiyo ya kutaja kwa sauti, kwa sababu mifuko mikubwa ya umma imeipoteza.

Udhaifu wa vikundi hivi ni ukubwa wao. Kikundi cha watu 25 wa kijiji kimoja kinaweza kumhudumia mmoja aliyevunjika mguu. Hakiwezi kuhudumia kijiji kizima kilichopigwa na upepo, kwa kuwa wachangiaji na walioathirika ni watu walewale. Hatari ya namna hiyo inahitaji kuchanganywa na hatari za watu wa mbali. Hapo ndipo serikali inapoingia, nayo ilikuwa imeingia zamani kabla ya vikundi hivi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Rais Abeid Amani Karume ilitangaza matibabu bila malipo mwaka 1965. Tangazo hilo halikuitwa bima, lakini kwa maana yake lilikuwa mfuko mkubwa wa hatari kuliko wote ambao Zanzibar ilikuwa imepata kuwa nao: kodi na mapato ya karafuu vilichangia, na mgonjwa wa Micheweni akawa na haki sawa na wa Mjini. Mwaka 1968 lilianzishwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ambalo likawa mnunuzi pekee wa karafuu. Mwaka 1969 likafuata Shirika la Bima la Zanzibar. Watu wengi wa shamba waliitazama bima ya biashara kwa mashaka ya kidini, na katika miaka ya karibuni Shirika limeanzisha takaful, mpango ambao washiriki huchangia mfuko kwa nia ya kusaidiana. Mzee wa Tumbe aliyezoea kuzikana hahitaji maelezo marefu kuuelewa.

Mfuko wa karafuu ni mfano wa kipekee. Kuchuma karafuu ni kazi ya hatari. Mchumaji hupanda juu sana kufuata vikonyo vya mwisho, na kila msimu wapo wanaoanguka. Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014 iliweka Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, na wanaoanguka mikarafuuni wamekuwa wakilipwa fidia. Kila kilo ya karafuu inayouzwa inachangia, kwa njia ya mfuko huo, kumtunza mtu ambaye mnunuzi wake hatamjua kamwe. Mimi naliona hilo kuwa miongoni mwa mambo ya heshima kubwa yaliyotoka katika biashara hii yenye historia chungu.

Lakini mfuko wa umma haumjui mtu kwa sura; humjua kwa daftari. Zanzibar ilijifunza hilo kwa machozi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikienda Pemba kutoka Unguja, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa na abiria mara kadhaa ya idadi iliyoruhusiwa. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na watu wengi zaidi ya hao hawakuonekana tena. Orodha ya abiria haikulingana na waliopanda. Familia zililazimika kwenda kuandikisha majina ya wapendwa wao ili serikali ijue nani alikuwa ndani ya meli. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria ya kuanzisha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, unaoandikisha vizazi, vifo na vitambulisho katika mfumo wa kompyuta. Ni kazi isiyo na mvuto, lakini bila hiyo hakuna mfuko wa haki.

Juu ya msingi huo, mwaka 2023 ulianzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ukianza na watumishi wa umma. Sababu ya kuanzishwa kwake inaeleweka: ahadi ya 1965 ilikuwa imeelemewa, dawa zilipungua, na wananchi walijikuta wakilipa mifukoni mwao kwa kile kilichoitwa bure. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kati yao 543,441 Pemba. Kwa mfuko wa bima hiyo ni jamii ndogo. Ugonjwa mmoja wa mlipuko au dhoruba moja inaweza kuwagusa wachangiaji wote kwa pamoja.

Tanzania Bara ilikuwa imeonyesha hatari nyingine. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kupitia Toto Afya Kadi, ukieleza kwamba malipo ya matibabu yalizidi michango kwa kiwango kikubwa. Wazazi wengi walikuwa wakikata kadi mtoto akishaugua. Lawama si ya mzazi. Nani hatafanya hivyo mwanawe akiwa mgonjwa? Lakini mfuko wenye wagonjwa peke yao hauwezi kuishi. Wazima lazima wawemo, na ili wawemo lazima waamini kwamba siku yao ikifika nao watabebwa.

Sasa tuje kwenye mashine. Mfano ulio karibu zaidi na Tumbe unatoka katika uzazi. Mpango wa Uzazi Salama, uliotekelezwa Zanzibar na shirika la D-tree pamoja na Wizara ya Afya, uliwapa wahudumu wa afya wa jamii simu zenye programu ya kuwaongoza wanapowatembelea wajawazito majumbani, kuwaandikisha, kutambua dalili za hatari, na kuisaidia familia kuweka akiba ya nauli ya kwenda kujifungua. Taarifa zilizokusanywa zikawa hazina. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa kumbukumbu za wanawake zaidi ya 38,000 wa mpango huo. Walifundisha programu kukisia, siku mjamzito anapoandikishwa, kama atajifungulia kituoni au nyumbani. Makisio yalikuwa sahihi kwa takriban asilimia 68 hadi 77. Miongoni mwa mambo yaliyosaidia kukisia ni alikojifungulia mara iliyotangulia, elimu yake na hali ya kipato cha kaya.

Hapa ndipo historia yote hii inapokutana na swali lake. Mashine imejifunza kwamba mama maskini, aliyesoma kidogo, aliyejifungulia nyumbani mara iliyotangulia, ana uwezekano mkubwa wa kujifungulia nyumbani. Ujumbe huo ukimfikia mhudumu wa afya, atakwenda nyumba ile mara tatu badala ya moja, na kupanga usafiri mapema. Ujumbe uleule ukimfikia mkokotoaji wa michango, anaweza kusema kwamba kaya ile ni ghali na ichangie zaidi. Namba ni moja, programu ni moja, na tofauti yote iko kwa aliyeishika. Mfuko wa hatari husimama kwa sababu watu wamekubali kuchanganya hatari zao kabla hawajajua nani atapigwa, kama vile mwaka 1872 hakuna aliyejua kimbunga kingeshuka kisiwa gani. Akili mnemba ina kipaji cha kutenganisha: huyu ana hatari kubwa, yule ndogo. Ikitumika kutenganisha ili kuwafikia wanyonge mapema, inautia mfuko nguvu. Ikitumika kutenganisha ili kuwatoza au kuwaacha nje, inaubomoa kutoka ndani.

Kenya imekwisha kuingia katika mtihani huo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba yake, maji, choo na nishati ya kupikia, kisha kikokotoo hukisia kipato chake na kumpangia mchango, usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Malalamiko yalifuata: watu wa vibarua na biashara ndogo walipangiwa viwango ambavyo hawakuvimudu, na kikokotoo hakikuwaeleza kwa nini. Upande wa pili wa mfuko huohuo, Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mwaka 2025 kwamba akili mnemba inatumika kuchambua madai ya hospitali, ikitafuta ishara kama mgonjwa wa kutwa aliyeandikwa kuwa amelazwa, na vituo kadhaa vikasimamishwa. Matumizi haya ya pili nayaunga mkono. Hospitali inayodai malipo ya mgonjwa asiyekuwapo inaiba kwa kila mchangiaji, na hakuna karani anayeweza kusoma madai yote hayo kwa macho. Hata hivyo, hata huko mashine inapaswa kuonyesha penye shaka tu. Hukumu itolewe na mtu aliyekwenda kukagua.

Mfano wa tatu unahusu hali ya hewa. Mwaka 2012 nchi za Umoja wa Afrika zilianzisha African Risk Capacity, mfuko ambao serikali zenyewe ndizo wateja. Programu yake, Africa RiskView, husoma mvua kwa satelaiti na kukadiria ni watu wangapi watakosa chakula. Makadirio yakivuka kiwango, nchi hulipwa haraka. Wazo lake ndilo lililokosekana Unguja mwaka 1872: ukame wa Sahel na ukame wa kusini mwa Afrika mara nyingi hauji mwaka mmoja, basi nchi zibebane. Kenya, Mauritania, Niger na Senegal zilitangulia kukata bima mwaka 2014, na ukame wa Sahel ulipotokea, Mauritania, Niger na Senegal zililipwa zaidi ya dola milioni 26.

Kisha ikaja Malawi. Msimu wa 2015 na 2016 ulikuwa mbaya, na Aprili 2016 serikali ilitangaza janga la kitaifa, watu zaidi ya milioni 6 wakihitaji chakula. Programu ilikuwa imekadiria walioathirika kuwa takriban 21,000 tu, hivyo hapakuwa na malipo. Ukaguzi uliofanywa mashambani ulionyesha kosa: programu ilidhani wakulima wamepanda mahindi ya kukomaa polepole, kumbe wengi walikuwa wamehamia mbegu za muda mfupi, na mvua ilikatika katika siku ambazo mbegu hizo zilikuwa zinaihitaji zaidi. Hesabu iliporekebishwa, Malawi ililipwa dola milioni 8.1, lakini fedha zilifika miezi mingi baada ya njaa kuanza. Satelaiti haikukosea kuona mvua. Kilichokosekana ni jambo ambalo mkulima yeyote angeulizwa angelisema.

Kwa Tumbe somo hilo lina majina yake. Uvuvi wa dagaa hufanywa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka vyombo vingi hupumzika. Bamvua na maji mafu hubadilisha mavuno, na kusi ikivuma sana bahari hufungwa kwa siku nyingi. Baharia anaweza kushika fedha nzuri kwa siku kumi na asishike kitu kwa ishirini. Kikokotoo kitakachomwuliza kipato cha mwezi, au kitakachotazama bati jipya la nyumba aliyoijenga kwa msimu mmoja mwema, kitampima vibaya. Mkulima wa mwani, ambaye mazao yake huoza maji yanapopata joto, atapimwa vibaya zaidi.

Upande wa vimbunga kuna ugumu mwingine. Mashine hujifunza kwa mifano, na pwani yetu ina mifano michache mno: Unguja 1872, Lindi 1952, kisha Hidaya, kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024 na kusimamisha safari za boti kati ya visiwa na Dar es Salaam. Bahari inazidi kupata joto, na yaliyopita yanazidi kuwa mwalimu asiyetosha. Madagascar, inayopigwa mara kwa mara, ililipwa dola milioni 10.7 na African Risk Capacity baada ya Kimbunga Batsirai mwaka 2022. Kwa kisiwa kinachopigwa mara moja kwa vizazi kadhaa, busara ni kuungana na wengi na kutotegemea makadirio ya usahihi ambao haupo.

Mfuko wa Huduma za Afya ulianza na walio kwenye orodha za mishahara, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Wavuvi, wachuuzi, wakulima wa mwani na wachumaji wa karafuu ndio sehemu ngumu, na kwao ndiko kishawishi cha kutumia mashine kitakuwa kikubwa, kwa kuwa hawana hati ya mshahara. Historia inatupa masharti matatu ya kudai kabla ya siku hiyo. Kwanza, makisio ya hatari yatumike kupeleka huduma, na mchango upangwe kwa uwezo wa mtu kulipa na si kwa ugonjwa anaokisiwa kuupata. Pili, vipimo vya kipato vitengenezwe pamoja na wanaopimwa, madikoni na mashambani, na vikaguliwe kila msimu, ili kosa la Malawi lisirudiwe kwa kalenda ya mwezi na maji. Tatu, kila aliyepangiwa mchango au kunyimwa fidia aelezwe sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka, na awe na mtu mwenye jina na mamlaka wa kumkatia rufaa, karibu na anakoishi.

Vikundi vya sanduku la kufuli tatu vilifanya hivyo bila kompyuta: kila mwanachama alijua salio na alijua kwa nini. Serikali inayoweza kununua programu ya kukisia hatari za watu laki tano wa Pemba inaweza pia kugharimia ofisa wa kukaa Micheweni na kujibu maswali yao. Hivyo viwili vinunuliwe pamoja, au programu isubiri.